Nani Aandikwe?

Somo: Matendo ya Mitume 6:1–7

Nawasalimu ninyi mlio hapa kwetu Muyeye, na ninyi mlio Malindi mjini, Watamu, Gongoni, Marafa, Ganze, na kila mahali sauti hii inakofika. Namsalimu pia mama aliyeketi kando ya mtoto asiyeweza kuketi peke yake, anayemlisha huku akisikiliza. Mazungumzo ya leo ni yake kwanza, na sisi wengine tutasikiliza pamoja naye.

Somo letu latupeleka Yerusalemu, katika siku za mwanzo za Kanisa. Waumini wale walikuwa na desturi njema ya kuwagawia wajane chakula kila siku. Lakini manung'uniko yakatokea. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa, na wale waliosema Kiebrania walikuwa wakipata.

Angalieni jambo hili kwa makini. Katika habari hii hatajwi mwizi. Luka haandiki kwamba mtu aliificha mikate nyumbani kwake. Waliogawa walikuwa watu wa imani, watu wa sala, na hata hivyo wajane fulani walipitwa siku baada ya siku. Kwa nini? Maandiko hayasemi, lakini sisi tunaoishi na watu twaweza kufahamu. Mgawaji huwaona kwanza wale anaowajua kwa jina, wanaosema lugha yake na kukaa karibu na mlango wake. Aliye mbali na macho yake huwa mbali na kikapu chake. Basi mtu aweza kuwa na mikono safi, asiibe hata chembe, na bado akadhulumu kwa kusahau.

Nimeichagua habari hii kwa sababu na sisi tuna mkate wetu wa kugawa, na mkate huo hautoshi.

Mwaka 2011 serikali ya Kenya ilianza kutoa fedha kwa nyumba maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkali. Leo fedha hizo ni sehemu ya mpango tunaouita Inua Jamii, pamoja na zile za wazee na za watoto yatima. Kiasi chake ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Ukizigawanya kwa siku, hazifiki shilingi 70. Kiasi hicho kimekaa vivyo hivyo kwa zaidi ya miaka kumi, ingawa bei ya unga haikumngojea mtu. Hata hivyo, msimdharau anayezihesabu. Kwa nyumba isiyo na kitu, hizo ndizo sabuni ya kufulia nguo za mtoto asiyejizuia, ndizo dawa za kifafa, na ndizo nauli ya tuktuk kwenda hospitali na mtoto asiyeweza kubebwa tena mgongoni kwa kuwa amekua.

Sasa tutazame hesabu. Katika miaka ya mwanzo, nyumba zilizoandikwa nchi nzima zilikuwa 14,700, yaani 70 kwa kila jimbo la uchaguzi, kati ya majimbo 210 ya wakati ule. Baadaye zikafika kama 47,000, na kwa miaka mingi zikakaa karibu na hapo. Weka hesabu hiyo kando ya hesabu ya watu ya mwaka 2019, iliyowakuta watu wenye ulemavu zaidi ya 900,000, bila kuwahesabu watoto walio chini ya miaka mitano. Si wote hao wenye ulemavu mkali, wala si wote maskini. Lakini hata ukiwaondoa wengi, wanaobaki mlangoni ni wengi kuliko wanaoingia.

Na huku kwetu Kilifi tunayo hesabu nyingine. Watafiti wa afya waliwachunguza watoto zaidi ya 10,000 wa umri wa miaka sita hadi tisa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Waliona kwamba katika kila watoto 1,000, kama 61 walikuwa na udhaifu wa kadiri au mkubwa unaotokana na ubongo na mishipa ya fahamu. Wengine akili zao zilikuwa nzito, wengine viungo vyao havikuwatii, wengine walikuwa na kifafa, wengine hawakusikia au hawakuona vema. Miongoni mwa mambo yaliyohusiana na hali hizo yalikuwa ni matatizo ya wakati wa kuzaliwa. Nayasema haya ili yule mama anayenisikiliza ajue mambo mawili. La kwanza, hakulaaniwa, wala mtoto wake si adhabu ya mtu. La pili, hayuko peke yake. Katika mtaa wenye watoto 1,000 wa umri ule wapo kama 61, lakini sisi twawaona wangapi njiani? Wengine wamo vyumbani, nyuma ya pazia.

Basi nafasi ni chache na wahitaji ni wengi. Ndipo linapokuja swali la mazungumzo yetu: nani aandikwe?

Kwa wazee, jibu lilirahisishwa. Mwaka 2018 ilianza kanuni kwamba kila mwenye umri wa miaka 70 na zaidi, asiye na pensheni, anastahili. Hapo hapana haja ya kumpima mtu sana, maana kitambulisho chasema alizaliwa mwaka gani. Lakini ulemavu hauandikwi mwaka wala tarehe. Hapo lazima watu wakae, wapime, walinganishe, wachague.

Masharti yaliwekwa. Ulemavu uwe mkali, wa mtu anayehitaji mlezi usiku na mchana. Nyumba iwe maskini sana. Asiwepo mwenye pensheni au mshahara wa kudumu. Nyumba isiwe inapokea fedha za mpango mwingine wa namna hiyo. Wawe wakazi wa mahali pale. Kisha kamati ya mtaa, pamoja na chifu na maafisa wa ustawi wa jamii, hutafuta majina, na majina husomwa katika baraza ili watu waseme kama ni kweli. Kwenye karatasi hiyo ni njia nzuri. Lakini karatasi haiendi nyumbani kwa mtu, mtu ndiye aendaye.

Tuchukue mfano. Sisemi habari za nyumba fulani, bali kila mmoja wenu amepata kuona nyumba za namna hii. Kamati imeambiwa kwamba nafasi iliyobaki ni moja, nayo ina majina matatu.

Nyumba ya kwanza ina mtoto wa miaka tisa mwenye mtindio wa ubongo. Hasemi, hageuki mwenyewe kitandani. Mama yake alikuwa akikaanga mahamri na kuuza asubuhi, akaacha, maana nani angemgeuza mtoto? Baba ni mvuvi. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka, hurudi na wavu mtupu.

Nyumba ya pili ina kijana wa miaka kumi na sita. Anatembea, ana nguvu, sura yake ni nzuri. Lakini ana usonji, hasemi neno, na hajui hatari. Akiuona mlango wazi huondoka, huingia barabarani mbele ya magari, na mara moja alikutwa ufukweni usiku. Mama yake hulala na kamba mkononi, ncha ya pili imefungwa kwenye mlango, ili ukifunguliwa aamke. Wanakamati wanamtazama kijana huyu na kuulizana, "Mbona mzima?"

Nyumba ya tatu ina msichana mwenye kifafa na akili iliyo nzito, anayelelewa na bibi yake mwenye miaka sabini na mitatu. Bibi huyu hupokea fedha za wazee. Kwa hiyo nyumba hii yahesabiwa kwamba imekwisha kupata. Fedha za uzee wa bibi ndizo zimekuwa fedha za ulemavu wa mjukuu. Na siku bibi atakapofariki, fedha zake zitakoma, lakini kifafa cha mjukuu hakitakoma.

Ndugu msikilizaji, kama ungekuwa wewe kwenye kamati hiyo, ungeandika jina gani?

Kabla hujajibu, tuseme kwanza vipimo visivyofaa, maana ndivyo vinavyotumika mara nyingi bila kutajwa.

Kipimo cha kwanza kibaya ni kelele. Anayekuja kwa chifu kila Jumatatu, anayejua kusema, aliye na simu na marafiki, jina lake halisahauliki. Yule mama wa kamba mkononi hawezi kuja barazani, kwa kuwa akija, kijana atapotea. Basi ukali wenyewe wa shida yake ndio unaomzuia kuieleza. Mkimngojea aje, mmekwisha kumwacha.

Injili ya Yohana, sura ya tano, yatuonyesha birika la Bethzatha. Wagonjwa wengi walilala pale, na ilisadikiwa kwamba wa kwanza kuingia majini yakitibuliwa ndiye atakayepona. Palikuwa na mtu aliyeugua miaka 38. Alimweleza Bwana Yesu kwamba hana mtu wa kumtia birikani, na kila akijikokota, mwingine humtangulia. Fikirini jinsi sheria ya birika ile ilivyokuwa. Mwenye ndugu wa kumbeba aliwahi, na mwenye ugonjwa mwepesi aliwahi, lakini asiye na mtu alibaki. Wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kupewa: watu husema hiyo ndiyo haki, kwa kuwa kila mtu aona foleni. Lakini Bwana hakusimama kwenye ukingo wa maji kumngojea atakayewahi. Alipita katikati ya waliolala, akamwendea aliyekuwa hana mtu.

Kipimo cha pili kibaya ni ujamaa. Huyu ni wa mbari yetu, huyu ni wa kanisa letu, huyu ni wa msikiti wetu, huyu alitupigia kura. Wapendwa, fedha hizi zimetoka katika kodi. Mwislamu wa Muyeye amezilipa alipomnunulia mtoto dawa ya meno, na Mkristo amezilipa vivyo hivyo, na asiye na dini pia. Mgiriama, Mswahili, Mbajuni na mgeni wa kutoka bara wote wamezitia mfukoni mmoja. Kasisi akipenyeza jina la muumini wake kwa sababu tu ni muumini wake, amechukua cha watu. Na anayeomba "chai kidogo" ili jina liingie, au anayemshikia mlezi kadi yake na kumpa nusu ya fedha, huyo hana haja ya mahubiri marefu. Amekula mkate wa mtoto asiyeweza hata kulia kwa sauti.

Kipimo cha tatu kibaya ni huruma ya macho. Macho huona kiti cha magurudumu, huona mguu uliokauka. Hayaoni usonji, wala hayaoni usiku. Tukichagua kwa kutazama tu, tutawaandika wale ambao ulemavu wao unaonekana saa nne ya asubuhi barazani, na kuwaacha wale ambao ulemavu wao huonekana saa nane ya usiku nyumbani.

Basi kipimo chema ni kipi? Turudi Yerusalemu, tuone mitume walifanyaje. Nayaona mambo manne.

Jambo la kwanza: hawakuwakemea walionung'unika. Hawakuwaambia wajane washukuru kwa kidogo wanachopata, wala hawakuulizana ni nani amewachochea. Walilichukua nung'uniko kama habari ya kweli kuhusu mgawo wao. Huku kwetu, mama akiuliza kwa nini jina lake halimo, huambiwa, "Ngoja awamu nyingine." Hilo si jibu. Jibu ni kumwambia ulipimwa hivi, aliyeandikwa alikuwa hivi, na hapa ndipo pa kupeleka lalamiko lako. Mtu aweza kuvumilia kukosa. Asichoweza kuvumilia ni kukosa bila kujua sababu, maana hapo hubaki akifikiri kwamba mtoto wake alionekana si kitu.

Jambo la pili: walilifanya mbele ya wote. Waliwakusanya wanafunzi, wakasema wazi sifa za watu watakaosimamia kazi. Hawakuchagua gizani. Kamati ya mtaa nayo iseme vipimo vyake kabla ya kuyaona majina. Ikiyaona majina kwanza, vipimo vitakatwa kama nguo, kwa kumfuata mtu. Na kipimo kimoja nakiona kuwa kikubwa kuliko vingine. Waulize kila nyumba swali hili: mlezi akiondoka kwa saa moja tu, kutatokea nini? Mtoto wa miaka tisa atatapika amelala chali, na hawezi kugeuka. Kijana wa miaka kumi na sita atakuwa barabarani. Msichana atapatwa na kifafa karibu na meko. Swali hilo halitazami sura, wala miguu, wala cheo cha baba. Kisha ulizeni la pili: katika nyumba hii kuna mikono mingapi mingine? Yuko shangazi? Yuko kaka mkubwa? Au ni mikono miwili tu tangu asubuhi hadi asubuhi?

Jambo la tatu, nalo ndilo linaloshangaza zaidi. Tazameni majina ya wale saba waliochaguliwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Yaani kazi ya kugawa ilitiwa mikononi mwa watu wa upande ule uliokuwa ukisahauliwa. Wahenga wetu walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kamati isiyo na mzazi hata mmoja wa mtoto mwenye ulemavu itawajuaje kunguni hao? Mama aliyelea mtoto wa namna hiyo akiingia nyumba ya pili, hatauliza "Mbona mzima?" Ataitazama ile kamba, na atajua. Kwa hiyo tusiishie kuwaweka watu wenye ulemavu katika orodha ya wapokeaji. Tuwaweke, pamoja na walezi wao, kwenye meza ya wachaguaji.

Jambo la nne: habari ile haiishii kwenye kugawa mkate. Luka asema kwamba baada ya hapo neno la Mungu lilienea na idadi ya wanafunzi ikaongezeka sana. Watu wa Yerusalemu waliona mgawo wa haki, wakaamini mahubiri. Nasi tukihubiri Jumapili juu ya upendo, na Jumatatu orodha ya mtaa ikasomwa huku majina ya wenye jamaa yakitangulia, watu watajua ni lipi kati ya maneno hayo mawili tunaloliamini.

Huenda mtu akasema, "Kasisi, tumepima kwa haki, na nyumba ya kwanza na ya pili zimelingana kabisa. Tufanyeje?" Kama mmepima kweli na zimelingana, kuna njia mbili zisizo na aibu. Moja ni kumtanguliza aliyengoja muda mrefu zaidi. Nyingine ni kura, mbele ya watu. Katika sura ya kwanza ya Matendo, mahali pa Yuda palipohitaji mtu, mitume kwanza walitaja sifa zinazotakiwa, wakapata wawili waliofaa, wakaomba, ndipo wakapiga kura, ikamwangukia Mathiya. Angalieni utaratibu huo. Kura ilikuja baada ya kupima, haikuja badala ya kupima. Kupiga kura ili kukwepa kazi ya kutembelea nyumba ni uvivu. Kupiga kura baada ya kuzitembelea zote ni unyenyekevu, ni kukiri kwamba mizani yetu imefika mwisho.

Na nyumba ya tatu je, ya bibi na mjukuu wake? Kwa kanuni yataondolewa, na mwanakamati hana uwezo wa kuivunja kanuni kwa siri. Lakini ana mdomo. Kanuni hiyo iliwekwa kwa nia njema, ili nyumba moja isipate mara mbili na nyingine isipate kabisa. Nia hiyo naiheshimu. Lakini uzee ni mzigo mmoja na ulemavu ni mzigo mwingine, na pale mizigo miwili ilipo kichwani pa mtu mmoja, kuihesabu kama mmoja si haki. Vivyo hivyo nyumba yenye watoto watatu wenye ulemavu ikihesabiwa kama nyumba moja. Kamati iandike jambo hilo katika taarifa yake, ilipeleke kwa afisa wa ustawi wa jamii, ilipeleke kwa mbunge, isirudi nyumbani kimya. Kanuni iliyoandikwa na watu yaweza kuandikwa upya na watu.

Hapa nataka kusema neno juu ya mkate wenyewe. Maskini wakigombania nafasi moja, ni rahisi sisi sote kumtazama yule aliyeipata na kumwonea kijicho. Tusisahau kuuliza kwa nini nafasi ilikuwa moja. Mwaka 1980 nchi yetu iliadhimisha mwaka wa taifa wa watu wenye ulemavu, na katika siku zile msaada wao mwingi ulikuwa wa harambee, yaani wa hisani. Mwaka 2010 tulipitisha Katiba ambayo katika kifungu cha 43 yataka serikali iwape ulinzi wa kijamii wale wasioweza kujikimu. Mwaka 2025 ikaja sheria mpya ya watu wenye ulemavu, badala ile ya mwaka 2003. Basi hatuko tena katika hisani tu, tuko katika haki. Mwenye haki haombi kwa kupiga magoti, anauliza akiwa amesimama, au akiwa ameketi katika kiti chake. Wakati wananchi wanapoitwa kutoa maoni juu ya bajeti, hapa kaunti na kule Nairobi, viti huwa vitupu. Wazee wa kanisa, akina mama wa Mothers' Union, vijana, kwa nini tusiende? Tumejua kudai barabara. Tudai na hili.

Sasa niseme na watu watatu, kisha tuombe.

Wewe uliye kwenye kamati: kazi yako ni nzito, na pengine hulipwi. Utaandika jina moja na kukutana na wale wawili sokoni. Usiwakwepe. Nenda nyumbani kwao ukawaambie mwenyewe. Na usiku ule usipolala vema, usidhani umefanya vibaya. Ninaogopa zaidi mwanakamati anayeacha watoto wawili nje na kulala usingizi mzito.

Wewe ambaye jina lako liliandikwa: hukumnyang'anya mtu. Pokea, na fedha hizo zimfikie yule ambaye zilitolewa kwa ajili yake. Kisha umkumbuke jirani yako aliyekosa. Wewe wajua ofisi ya kwenda, karatasi zinazotakiwa, na siku daktari wa hospitali ya serikali anapopima watu ili wasajiliwe na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Mfundishe. Wengi hukosa kwa sababu mtoto hana cheti cha kuzaliwa, au mlezi hana kitambulisho, na hakuna aliyewaambia mapema.

Nawe uliyekosa, mama yangu, dada yangu, baba uliyebaki na mtoto: orodha ile haikupima thamani ya mtoto wako. Ilipima mkate, na mkate ulikuwa mdogo. Mbele za Mungu mtoto wako haingoji awamu nyingine. Hilo nalisema kwa moyo wangu wote, lakini sitaki kulisema na kuondoka, maana maneno matupu hayamgeuzi mtoto kitandani. Kwa hiyo naligeukia Kanisa. Serikali ina nafasi moja kwa nyumba tatu. Sisi tuna nini kwa zile mbili zinazobaki? Hatuna shilingi 2,000 za kila mwezi, lakini tuna saa. Mama wa kamba mkononi hahitaji fedha tu, anahitaji kulala. Akina mama wawili wakichukua zamu ya alasiri mbili kwa juma, wakakaa na kijana yule mpaka wamjue na yeye awajue, mama yake atalala, atafua, ataweza hata kwenda barazani kusema habari zake mwenyewe. Siku hiyo kamati haitauliza tena "Mbona mzima?"

Ndugu msikilizaji, juma hili tafuta nyumba moja iliyo nyuma ya pazia. Usiende na neno la faraja pekee. Nenda na saa moja.

Tuombe.

Ee Mungu, Baba wa wote, wewe huna mtoto uliyemsahau. Uwape hekima na ujasiri wale wanaopewa kazi ya kuchagua, wasiangalie sura wala ukoo. Uwape walezi nguvu za usiku huu na za kesho. Uwahurumie waliokosa, utufanye sisi kuwa mikono yao, na uwaguse mioyo wenye mamlaka ili mkate uongezwe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.